Meya Aliyepiga Marufuku Kifo: Vioja vya Uhispania na Adabu ya Kucheka

Wahenga walituasa wakasema: cheka uchafu, usicheke kilema. Methali hii hufunzwa watoto, nasi tukishapanda madarasa huiacha papo hapo pamoja na madaftari yetu ya zamani. Hata hivyo, kwa maoni yangu, methali hii ya maneno manne imebeba nadharia nzima ya ucheshi. Haikatazi kicheko. Inachotaka ni kwamba mwenye kucheka ajue anacheka nini. Je, anacheka jambo ambalo mtu amelitenda kwa hiari yake na angaliweza kuliepuka, au anacheka hali iliyomfika mtu bila ya yeye kuulizwa?

Makala haya yanakusudia kuipima methali hiyo kwa habari za nchi moja ya mbali, nayo ni Uhispania. Kila mtazamaji wa runinga na msomaji wa magazeti anaifahamu ile pembe ya mwisho wa taarifa, baada ya siasa, ajali na michezo, ambapo mtangazaji hutabasamu na kutuletea kioja kutoka ughaibuni. Katika pembe hiyo Uhispania ina kiti chake cha kudumu. Mara watu wanapigana kwa nyanya. Mara mwanamume aliyevaa kama shetani anaruka juu ya watoto wachanga waliolazwa barabarani. Mara meya ametoa amri ambayo haijawahi kusikika. Tunacheka, taarifa inakwisha, tunakwenda zetu kulala.

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba habari za aina hii ni upuuzi usiostahili kuchukua nafasi katika jarida la wasomi. Mimi nina msimamo tofauti. Kioja cha runingani ni hadithi iliyokatwa miguu: tumepewa tukio, tumenyimwa chanzo. Ukikirudishia kioja chanzo chake, kicheko hakipotei, ila hubadilisha shabaha. Na kwa kuwa sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio tunaotarajiwa kesho kuwa watafsiri, wahariri na wasomaji wa taarifa hizo, suala hili linatuhusu ndewe na sikio.

Amri ya kutokufa

Mnamo 1999 meya wa mji mdogo wa Lanjarón, katika mkoa wa Granada kusini mwa Uhispania, alitoa amri ya kuwakataza wakazi wake kufa. Aliwataka waitunze afya yao kwa uangalifu mkubwa, wasije wakafariki kabla ya baraza la mji kupata ardhi ya makaburi mapya. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Utamu wake uliongezwa na jambo jingine: Lanjarón ni mji wa chemchemi za maji ya madini, na kwa miaka mingi umewavutia watu wanaokwenda kuoga na kunywa maji hayo kwa matumaini ya kupata siha. Mji unaouza uzima ukawa umekosa mahali pa kuwazika wafu wake!

Hapo ndipo mtangazaji anapoishia, na hapo ndipo mwanafunzi wa fasihi anapopaswa kuanza. Makaburi ya mji yalikuwa yamejaa. Hilo si jambo la kuchekesha hata kidogo. Ni aibu kwa walio hai na udhia kwa waliofiwa. Meya yule hakuwa mwendawazimu aliyedhani kwamba Malaika wa Mauti husoma matangazo ya baraza la mji. Alitumia chuku, na chuku yake ilijengwa juu ya kinaya: mtu aliyeshindwa kupata kipande cha ardhi anajitwalia mamlaka juu ya mauti. Kwa sura ya nje amri iliwaelekea wakazi, lakini nionavyo mimi masikio yaliyokusudiwa yalikuwa ya walio juu yake. Barua ya kawaida ya kuomba ardhi ingalilala katika faili hadi karatasi igeuke manjano. Amri ya kukataza kifo ilisomwa hata na watu ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Lanjarón.

Basi nani anayechekwa hapa? Mtazamaji aliyenyimwa chanzo anawacheka wanamji. Aliyepewa chanzo anacheka pamoja nao, na kicheko chao kinaelekea mahali panapostahili.

Vita visivyo na risasi

Katika mkoa huohuo wa Granada upo mji uitwao Huéscar. Mnamo Novemba 1809 mji huu ulitangaza vita dhidi ya nchi ya Denmark, kisha ukasahau. Miaka ikapita, wafalme wakaja na kuondoka, na hakuna Mdenmaki aliyeuawa wala mwana wa Huéscar aliyejeruhiwa. Ni mwaka wa 1981 ambapo tangazo lile lilifumuliwa katika nyaraka za kale za mji, ikabainika kwamba kwa muda wa miaka 172 Huéscar na Denmark walikuwa vitani. Tarehe 11 Novemba 1981 amani ilitiwa saini rasmi, balozi wa Denmark akiwa mgeni wa mji.

Huéscar haukuwa peke yake. Katika mkoa jirani wa Almería, kijiji cha Líjar kilitangaza vita dhidi ya Ufaransa mwaka wa 1883, baada ya Mfalme Alfonso wa Kumi na Mbili kuzomewa na umati wa watu mjini Paris. Vita hivyo navyo vilidumu kwa miaka 100 kamili bila ya risasi hata moja, hadi vilipokomeshwa kwa sherehe mwaka wa 1983.

Ni rahisi kuwaona watu hawa kama chura aliyejivimbisha apate kulingana na ng'ombe. Lakini turudishe chanzo. Mwaka wa 1808 majeshi ya Napoleon yaliivamia Uhispania, na mfalme wa nchi akawa mateka huko Ufaransa. Serikali ilipoporomoka, ni mabaraza ya miji na mikoa yaliyosimama kuongoza upinzani. Denmark ilikuwa imeungana na Napoleon. Kwa hivyo tangazo la Huéscar halikuwa mzaha wakati lilipoandikwa. Lilikuwa kauli ya watu ambao dola yao ilikuwa imewaponyoka mikononi, wakajikuta wao wenyewe ndio dola. Kilichokuwa tanzia mwaka wa 1809 kiligeuka kuwa ramsa mwaka wa 1981, na wenye kuligeuza ni wajukuu wa waliotangaza.

Tusisahau pia mwaka wenyewe. Februari 1981 askari wenye silaha waliliteka bunge la Uhispania mjini Madrid katika jaribio la kuipindua serikali, na kwa saa nyingi demokrasia changa ya nchi hiyo ilining'inia kwa uzi. Jaribio hilo lilishindwa. Miezi tisa baadaye mji mdogo ukafanya sherehe ya kumaliza vita ambavyo havikuwahi kupiganwa. Sidai kwamba tukio moja lilizaa jingine. Nasema tu kwamba watu walioona bunduki za kweli bungeni mwao walikuwa na sababu ya kufurahia vita visivyo na bunduki.

Saa sita yao na saa sita yetu

Hakuna kitu cha Uhispania kinachochekwa kuliko siesta, yaani usingizi wa mchana. Mwaka wa 2015 meya wa Ador, mji mdogo katika mkoa wa Valencia, alitangaza kwamba wakazi wake wana haki ya kupumzika kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja mchana katika majira ya joto, na kwamba watoto wabaki ndani na makelele yapunguzwe. Vyombo vya habari vikachangamka: Wahispania wamehalalisha uvivu!

Kwanza, Ador ni mji wa wakulima, na mkulima wa Valencia huamka mapema ili aikimbie hari ya mchana. Anayelala saa nane alianza kazi kabla ya anayemcheka kuamka. Aidha, Wahispania wengi, hasa wa mijini, hawalali mchana kabisa. Wanafanya kazi kama watu wengine na kurejea nyumbani usiku wakiwa wamechoka.

Pili, saa za Uhispania zenyewe zina kisa. Mstari wa Greenwich hupita mashariki mwa Uhispania, na kwa mujibu wa jua nchi hiyo ingefaa kufuata saa za Uingereza na Ureno. Mnamo 1940 utawala wa Jenerali Franco uliisogeza saa mbele ili ilingane na saa za Ulaya ya kati, zilizokuwa zikifuatwa na Ujerumani ya Hitler. Vita vikaisha, Hitler akafa, Franco naye akafariki mwaka wa 1975, lakini saa haikurudishwa. Matokeo yake ni kwamba wakati wa kiangazi mjini Madrid jua hufika utosini baada ya saa nane kwa mujibu wa saa ya ukutani. Mhispania anayeketi kula chakula cha mchana saa nane na nusu, akachekwa na wageni kwa kuchelewa, anakula adhuhuri kama binadamu yeyote mwenye njaa. Saa ndiyo iliyodanganywa, tumbo halikudanganyika.

Hapa msomaji wa Kiswahili anayo bahati ya pekee. Neno siesta lilitokana na Kilatini, likiwa na maana ya saa ya sita. Warumi wa kale walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, na saa yao ya sita ilikuwa adhuhuri. Je, kuna mtu anayeweza kulielewa jambo hili bila maelezo kuliko Mswahili? Saa sita yao ilikuwa saa sita yetu. Sisi ambao wageni hutushangaa kwa kusema saa moja wakati mkono wa saa unaonyesha saba, tunapaswa kuwa wa mwisho kumcheka mtu ambaye chakula chake kinafuata jua.

Uchafu wenyewe

Sasa tufikie mahali ambapo methali yetu inatimia neno kwa neno. Mwaka wa 2013 baraza la mji wa Brunete, ulio magharibi ya Madrid, lilichoshwa na wenye mbwa walioacha vinyesi vya mbwa wao njiani. Watu wa kujitolea walitumwa mitaani. Mmoja wao alipomwona mtu ameondoka bila ya kuzoa, alimsogelea kwa bashasha, akamsifia mbwa wake, akauliza jina la mbwa na aina yake. Majibu hayo mawili yalitosha kumtambua mwenyewe katika rejista ya mbwa ya mji. Kitu kilichoachwa kikazolewa, kikafungwa katika kisanduku chenye nembo ya baraza, kisha kikapelekwa hadi mlangoni kwake kama mali iliyopotea.

Tazama ufundi wa lugha ulio hapa. Kukiita kinyesi mali iliyopotea ni tasfida, na tasfida kwa kawaida huficha aibu ya mtu. Hapa imetumika kuifichua. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyechapwa. Mtu alirudishiwa kilicho chake kwa heshima zote. Aliyetenda alitenda kwa hiari na angaliweza kuepuka. Huu ndio uchafu ambao wahenga walituruhusu tuucheke, na baraza la Brunete liliucheka kwa niaba ya mji mzima.

Kadhi wa Kihispania

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba katika vioja hivi vingi yupo meya au baraza lake. Kwa Kihispania meya huitwa alcalde, na neno hilo lilitokana na Kiarabu al-qadi, yaani kadhi. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini waliingia Uhispania mwaka wa 711, na dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka wa 1492. Katika karne hizo takriban nane Kihispania kilikopa maneno ya Kiarabu kwa wingi, kama Kiswahili kilivyokopa kwa njia ya bahari. Ndiyo maana mtu asiyetajwa jina huko ni fulano na kwetu ni fulani, azúcar yao ni sukari yetu, na hasta yao ni ndugu wa hata. Maskini naye alisafiri njia zote mbili. Kwetu alifika akiwa bado anastahili huruma. Uhispania alifika akageuka kuwa mezquino, yaani bahili. Inaelekea huko alipata mali.

Kwa hivyo meya aliyekataza kifo mjini Lanjarón, katika ardhi ileile ya Granada, ni kadhi kwa nasaba ya jina lake. Na fasihi ya Uhispania inamjua kadhi wa namna hii kwa muda mrefu. Miguel de Cervantes, aliyekaa mateka mjini Algiers kwa miaka mitano, kuanzia 1575 hadi 1580, alichapisha sehemu ya kwanza ya Don Quijote mwaka wa 1605 na ya pili mwaka wa 1615. Msimulizi wake anadai kwamba kisa hicho hakukitunga, bali alikipata sokoni Toledo katika maandishi ya Kiarabu ya mwanahistoria aitwaye Cide Hamete Benengeli. Sancho, mtumishi wa Don Quijote, analiboronga jina hilo hata likawa Berenjena, neno lenye nasaba moja na biringani letu. Riwaya inayotajwa kuwa miongoni mwa misingi ya riwaya ya kisasa imejisingizia kuwa tafsiri, na mwandishi wake wa kubuni ameitwa Bwana Biringani.

Katika sehemu ya pili, mwinyi mmoja na mkewe wanamfanyia Sancho mzaha kwa kumpa utawala wa mahali paitwapo Barataria. Wanatarajia kumcheka mkulima huyu asiyejua kusoma. Mara wanaletwa mbele yake wazee wawili. Mmoja anadai alimkopesha mwenzake sarafu kumi za dhahabu. Mwingine anashikilia kwamba amekwisha kulipa. Mdaiwa anamwomba mdai amshikie bakora yake, anaapa kwamba alizirudisha sarafu mkononi mwa mwenyewe, kisha anaichukua bakora na kuondoka. Sancho anafikiri kidogo, anaamuru bakora ivunjwe, na sarafu zinamwagika kutoka ndani yake. Aliyelelewa kwa visa vya Abunuwasi atajihisi yuko nyumbani, na Mkenya aliyekua akitazama Vioja Mahakamani hahitaji kuelezwa jinsi kizimba kinavyoweza kuwa jukwaa la ucheshi. Waliopanga kumcheka Sancho waliishia kumstaajabia. Meya wa Lanjarón na wenzake wa Brunete ni wajukuu wa Sancho: watu wadogo waliopewa mamlaka madogo, wakayatumia kwa akili ambayo wakubwa hawakuitarajia.

Pale kicheko kinapouma

Hata hivyo, nisije nikaonekana kama ninayetetea kila kicheko. Mwezi wa Agosti 2012 dunia ilionyeshwa picha ya ukutani iliyoko katika kanisa moja karibu na mji wa Borja, mkoa wa Zaragoza. Ilikuwa picha ya Yesu aliyevikwa taji la miiba, iliyochorwa na Elías García Martínez karne iliyopita. Rangi yake ilikuwa ikibanduka. Bibi mmoja muumini wa hapo, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, alichukua brashi akajaribu kuiokoa. Matokeo hayakufanana na Yesu wala na mwanadamu. Watu walisema yamefanana na tumbili. Katika siku chache bibi yule akawa kichekesho cha mabara yote.

Hapa kilichocheka ni kinywa kisicho na adabu. Kuicheka picha ni halali. Picha ilichekesha, na atakayekana anajidanganya. Lakini kumcheka mtu mzima aliyesukumwa na mapenzi kwa kitu ambacho wenye wajibu nacho walikiacha kibanduke, huko ndiko kucheka kilema. Aliyestahili kuulizwa maswali ni yule ambaye kazi yake ilikuwa kuitunza picha ile.

Kilichofuata kinastahili kusimuliwa kuliko kioja chenyewe, ingawa runinga nyingi hazikukisimulia. Wageni walianza kufurika Borja kuiona picha. Kiingilio kikatozwa, na fedha zikasaidia makao ya wazee ya hapo. Mwaka wa 2016 kilifunguliwa kituo cha kuwaeleza wageni kisa cha picha hiyo. Watu wa Borja hawakumficha bibi yao wala hawakuifuta kazi yake. Walikigeuza kicheko cha dunia kuwa chakula cha wazee wao. Nimewahi kusikia fasili nyingi za fanani na hadhira, lakini sijapata mfano bora wa hadhira iliyomwokoa fanani.

Mizani na nyanya

Kioja kinachonipa taabu zaidi ni kile cha Buñol, mji wa mkoa wa Valencia, ambako kila Jumatano ya mwisho ya Agosti watu hurushiana nyanya hadi barabara zikageuka mito myekundu. Zaidi ya tani 100 za nyanya hutumika kwa muda wa saa moja. Tangu 2013 washiriki hulipa tiketi na idadi yao ina kikomo cha watu 20,000 hivi. Msomaji wa kwetu, anayenunua nyanya kibandani kwa kuzihesabu moja moja, hawezi kulaumiwa kama midomo yake inakataa kutabasamu. Waandalizi hujitetea kwamba nyanya zile si za daraja la mezani. Utetezi huo una uzito wake, lakini haunishibishi. Nyanya iliyopondeka bado imekunywa maji na imepita katika mikono ya mkulima.

Pamoja na hayo, turudishe chanzo kama tulivyofanya kwingine. Vita vya nyanya vilianza mwaka wa 1945 kwa ugomvi wa vijana waliovamia meza ya muuza mboga wakati wa gwaride. Katika miaka ya 1950, chini ya Franco, vilipigwa marufuku. Mwaka wa 1957 wakazi walijibu kwa kufanya mazishi: walibeba jeneza lenye nyanya kubwa ndani yake, wakafuatana na bendi iliyopiga nyimbo za msiba. Katika nchi ambayo maandamano ya kisiasa yangeweza kumfikisha mtu gerezani, raia waliandamana kwa jina la nyanya, na marufuku ikaondolewa. Ninabaki na mambo mawili yasiyopatana: nauchukia ubadhirifu wa leo, naustahi ujasiri wa 1957. Simlazimishi msomaji achague moja.

Wala si kila desturi inastahili kusamehewa kwa sababu ina chanzo. Katika kijiji cha Manganeses de la Polvorosa, mkoani Zamora, iliwahi kuwapo desturi ya kumtupa mbuzi kutoka mnara wa kanisa siku ya sikukuu, watu wakimdaka kwa turubai chini. Desturi hiyo hatimaye ilikomeshwa, na sikukuu haikufa kwa kumkosa mbuzi. Utamaduni si kisingizio cha kumuumiza asiyeweza kusema hapana. Mbuzi hakuulizwa.

Hitimisho

Wanafunzi wengi wa Kiswahili huishia katika vyumba vya habari, na huko kazi mojawapo ya mwanzo ni kutafsiri taarifa fupi za mashirika ya nje. Taarifa ya kioja hufika ikiwa imekwisha kukatwa, aya tatu au nne, na mhariri anataka itoshe kwa sekunde thelathini. Ninachoomba si makala marefu. Sentensi moja ya chanzo yatosha: makaburi yalikuwa yamejaa, mfalme alikuwa mateka, saa ilisogezwa mwaka wa 1940. Sentensi hiyo moja humwondoa Mhispania katika kizimba cha mpumbavu na kumrudisha miongoni mwa wenye akili.

Tufanye hivyo si kwa hisani tu. Nasi pia tuna kiti chetu katika pembe ile ya mwisho ya taarifa za wenzetu. Kuna mtu mahali fulani anayetabasamu akisoma kioja cha kijiji cha kwetu, bila ya kuambiwa kwamba kisima kilikauka au kwamba shamba lina kesi. Tungependa atafute chanzo kabla ya kucheka. Tukitaka hilo kutoka kwa fulani wa mbali, tuanze kwa kumfanyia fulano. Kalamu tunazo, istilahi za kinaya na kejeli tumezisoma, na uchafu wa kucheka hautakwisha leo wala kesho. Kazi kwenu, wanajarida.